Jina la Mashine ya Dawa

Mimi nimestaafu, simu yangu bado. Kila wiki inalia, na upande wa pili yupo mmoja wenu, ametoka chuoni juzi, amefungiwa kwenye chumba cha seva mahali fulani kati ya Mafinga na Makongolosi, anahema. Ananiamkia vizuri, ananiomba radhi kwa usumbufu, halafu anasema mtandao umegoma. Namuuliza ni kitu gani hasa kilichogoma, anajibu, "Wote, mzee." Nikisikia "wote" naweka kikombe cha chai mezani, maana najua nitakaa hapo. Mtandao haugomi wote, wanangu. Kuna waya mmoja, au swichi moja, au mtu mmoja aliyechomoa kitu ili achaji simu yake.

Nimechoka kueleza mambo yale yale, nikaona niyaandike, mkisoma mtanipumzisha. Sitaanza na siku niliyozaliwa. Inatosha mjue kwamba kwetu ni karibu na Tosamaganga, kwamba nilianza kazi na simu zile za kuzungusha kwa mkono nikamaliza na seva, na kwamba nina hasira za karibu. Hilo la mwisho mke wangu atawathibitishia hata msipomuuliza.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa Mzee Shomari, fundi redio wa Sokomatola pale Mbeya, mtu mwenye asili ya pwani ambaye baridi ya Mbeya ilimshinda maisha yake yote. Alivaa kofia ya sufu, na juu ya kofia ya sufu akavaa baraghashia. Skurubu aliziweka kwenye viberiti vitupu, na kila kiberiti alikiandika jina. Huruhusiwi kugusa redio kabla hujataja kila kitu unachokwenda kukigusa. Ukimwambia "nimefungua hiki," anakutazama kama umemtukana. "Hiki ndiyo nani?" anauliza. "Kina jina. Kiite." Nilikaa naye miaka miwili, na hilo neno liliniingia kichwani likajenga nyumba.

Nilipoajiriwa kwenye simu Iringa, jambo la kwanza nililofanya ni kuandika jina la kila waya kwenye kituo. Niliandika kwa wino mzuri, mistari imenyooka, na niliandika kwa Kihehe, maana ndiyo lugha niliyokuwa nawaza nayo. Nikaenda likizo nikijisifu. Aliyeshika nafasi yangu alikuwa Mkinga wa Makete, na laini kumi na tano zikakaa kimya siku mbili huku yeye akitafuta mtu wa kumsomea. Mzee Shomari aliposikia alicheka mpaka zile kofia zikatengana. Mkuu wangu wa kazi hakucheka. Mimi nilijua nimejifunza somo, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu sikuwa nimejifunza kitu.

Sasa niwapeleke Rujewa. Si mjini penyewe, ni mbele kidogo, katikati ya majaruba ya mpunga, kwenye hospitali ya kanisa ambayo sitaitaja jina. Mwenye kosa katika habari hii ni mimi, hakuna haja ya kuwaingiza wengine. Ilikuwa miaka yangu ya mwisho mwisho kazini, nimepelekwa pale kwa miezi sita kuwasimamishia mfumo. Walikuwa na kompyuta ishirini na tatu, zimeunganishwa kwa kebo jengo kwa jengo, na hakuna hata moja iliyounganishwa na dunia. Intaneti haikuwepo. Mtandao wao ulianzia mapokezi ukaishia mochwari. Ndani yake kila idara ilikuwa na mashine yake ya kutunza kumbukumbu: mapokezi, maabara, famasia, wodi ya wazazi. Daktari akiandika dawa chumbani kwake, famasia waione kwenye skrini yao na kuitoa. Hiyo ndiyo ilikuwa nia.

Kompyuta hujuana kwa namba, namba ndefu zenye nukta katikati, na binadamu hawezi kuzishika. Manesi walikuwa wameziandika kwenye vipande vya plasta na kuvibandika pembeni ya skrini, juu ya meza, mmoja hata kwenye mfuko wa sare. Ikaenda vizuri mpaka radi ilipopiga ikaunguza kile kiboksi kinachogawa namba. Nikaweka kingine, nacho kikagawa namba upya kwa akili yake. Kwa siku moja na nusu majibu ya maabara yakawa yanachapwa ofisini kwa mchungaji wa hospitali. Mchungaji alinifuata na karatasi kumi na mbili za vipimo vya choo, amezitia kwenye bahasha kwa heshima, akaniuliza taratibu kama kuna jambo nataka kumwambia.

Njia ya haraka ya kujiokoa ni kuandika orodha ya majina ndani ya kila kompyuta, ili mtu aandike "maabara" badala ya namba. Nilifanya hivyo. Flashi mkononi, mashine ishirini na tatu, jengo kwa jengo, kwenye tope la Usangu ambalo likikushika kiatu halirudishi. Tabu yake ni kwamba ukibadilisha kitu kimoja unazizungukia zote upya. Siku niliyomaliza ya ishirini na tatu nikagundua ya nne nimeiruka, nilikaa kwenye ngazi za wodi ya wazazi nikavua viatu. Nikasema yatosha, naweka seva ya majina.

Msitishwe na neno hilo. Seva ya majina ni sawa na yule mama wa mapokezi anayejua nani amelazwa chumba kipi. Unamtajia jina, anakupa namba, unaenda zako. Orodha ni moja, iko mahali pamoja, ukiibadilisha wote wamepata habari. Nilichukua kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo chini ya magodoro, nikaipangusa, nikaibadilishia kile kibetri kidogo cha saa (msikisahau, mashine isiyojua leo ni lini hugombana na kila mtu), nikaifundisha majina. Orodha ile ile nikainakili kwenye daftari kwa kalamu. Najua mnacheka. Mtanikumbuka diski ikifa.

Siku ya kwanza ilifanya kazi, ila kwa uvivu wa kutisha. Mtu akikosea herufi moja ya jina, skrini inakaa, inakaa, mpaka anaenda kunywa chai. Nilihangaika siku nzima. Nilibadilisha kebo, nikamlaumu fundi umeme, nikalaumu jenereta. Kumbe seva hiyo ikiulizwa jina isilolijua haikubali kusema hailijui. Inataka kutoka nje kuwauliza wakubwa zake wa dunia, na nje hakuna barabara. Basi inasimama getini inasubiri majibu ya watu wasioweza kuisikia. Dawa yake ni mistari michache tu. Unaiambia: mkubwa wa mwisho ni wewe, dunia yako inaishia kwenye ukuta wa mochwari, na usichokijua wewe hakipo. Ikapona palepale. Ikaanza kujibu "hakipo" bila kusita, kama ofisa aliyepandishwa cheo juzi.

Ikabaki kazi ambayo nilidhani ni nyepesi kuliko zote, kuchagua majina yenyewe. Mimi nilikuwa nimeandaa mito: Ruaha, Mbarali, Kimani, Kiwira. Katibu wa hospitali, Bwana Mgaya, Mbena wa Njombe, mtu wa vikao kuliko wote niliopata kufanya nao kazi, alisema jambo la majina haliwezi kuamuliwa na fundi peke yake. Kikao kikaitishwa. Mganga mkuu akataka maua. Matroni akataka mitume, lakini kumi na wawili hawatoshi na mmoja wao hana sifa. Mwisho Bwana Mgaya mwenyewe akasema tuwaenzi wazee waliostaafu. Mashine ya kila idara ipewe jina la mzee aliyeijenga idara hiyo. Watu wakapiga makofi, mimi zaidi yao.

Aliyeijenga famasia alikuwa Mzee Ambilikile. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, alishuka Usangu akiwa kijana, akagawa dawa pale miaka thelathini na kitu, tangu enzi za kuhesabu vidonge kwa kijiko juu ya sahani ya bati. Alikuwa amestaafu, anaishi nyuma ya shamba la hospitali. Siku ya uzinduzi alivaa koti, akapewa soda, mchungaji akaiombea mashine, kisha mzee akasogea mbele ya skrini ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika kwa herufi kubwa KARIBU AMBILIKILE. Alitoa leso. Akasema "ndaga, ndaga" zaidi ya mara kumi, ndiyo asante ya kwao. Nimewahi kuona watu wakipewa ng'ombe na wasifurahi vile. Mkuu wa famasia wa sasa, Mama Lusajo, hakuhudhuria. Alituma salamu kwamba anahesabu dawa stoo.

Huyu Mama Lusajo nilimpenda kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa mtu wa aina yangu. Sare imepigwa pasi, funguo kiunoni, kila kopo lina lebo na kila lebo imetazama mbele. Miaka kumi na tisa famasia, hakuna kidonge kilichopotea. Kwenye sala ya asubuhi ndiye aliyesoma neno, kwa sauti nzuri isiyo na haraka. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Zikifika siku za Yohana, alisema, "Somo letu linatoka katika Injili ya nne." Mathayo anamtaja, Marko anamtaja, Luka anamtaja, huyu mwingine anampa namba. Mimi ni Mkatoliki, nikadhani ndivyo Walutheri wanavyosema.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilitaka watu wazoee majina upesi, kwa hiyo nikafunga mlango wa namba. Ukitaka kuingia kwenye mashine ya idara, andika jina lake, hakuna njia nyingine. Idara zote zikazoea ndani ya siku mbili. Famasia ikabaki giza. Madaktari wanaandika dawa kwenye kompyuta, benchi limejaa wagonjwa, na Mama Lusajo anamrudisha kila mgonjwa kwa daktari akaandikiwe kwenye karatasi. Kila asubuhi ananipigia simu niende kumfungulia mashine. Namuuliza mashine ipi, anasema hii. Namwambia hii ndiyo nani, ina jina. 

"Hii ya dawa, fundi."

"Mama, nina mashine ishirini na tatu. Nitajie jina, na wewe mwenyewe ukiliandika hapo itafunguka."

"Ya hapa kwetu. Unaijua. Njoo unifungulie."

Wiki nzima nilikwenda kumfungulia, nayo ikikaa kidogo inajifunga tena. Nikiandika jina yeye anageukia kwenye kabati, anapanga makopo ambayo tayari yamepangika. Wiki ya pili hasira zangu za karibu zikafika. Nikabandika tangazo mlangoni kwangu: ASIYETAJA JINA LA MASHINE HAHUDUMIWI. Nilijiona Mzee Shomari mwenyewe. Siku tatu zikapita, famasia haijanipigia, karatasi zinaendelea, madaktari wananung'unika. Nikachukua kalamu nikamwandikia katibu mistari mitatu: mkuu wa famasia ni mkaidi, hataki mfumo mpya, nashauri nafasi yake apewe mtu mwingine.

Nilidhani ataitwa aonywe. Bwana Mgaya akaitisha kikao cha nidhamu, Ijumaa saa nne. Aliniambia kwa upole, baada ya kunisalimu kamwene na kuuliza habari za nyumbani, kwamba mama ataambiwa afungue mashine mbele ya kikao. Akishindwa, atavuliwa ukuu wa famasia na kupelekwa kwenye zahanati ndogo huko mbali kwa wafugaji, ambako masika njia hufungwa na ukienda unakaa. Watoto wake wangebaki Rujewa. Niwaambie ukweli, kwa nusu siku nilifurahi.

Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Ambilikile kumpelekea picha yake ya siku ya uzinduzi, nimeitia fremu. Nilimkuta kibarazani, tukakaa. Mkewe, Bibi, alikuwa jikoni. Punde nikamwona Mama Lusajo anakuja kwa njia ya shambani na bakuli lililofunikwa. Alipomwona mzee pale kibarazani akakata kona, akapita katikati ya mahindi, akaizunguka nyumba nzima akaingilia mlango wa nyuma. Nikasema moyoni, hata mzee wa watu anamkimbia. Nikamwambia mzee, kwa sauti ya mtu mwenye haki zake, kwamba yule mama ana kiburi, ameikataa mashine yake, na kesho saa nne anavuliwa cheo.

Mzee aliiweka picha chini.

"Wewe fundi ni Mhehe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi nisikuchape. Yule ni mke wa mwanangu. Kwetu Unyakyusa mkwe anatila. Hapiti mbele yangu, hatuangaliani usoni, na jina langu haliweki mdomoni. Huu mwaka wa ishirini na tano, hajalitaja hata siku moja."

Nikajitetea kwamba hakuna aliyemwambia alitaje, ameambiwa aliandike tu. Mzee akaniuliza mtu anawezaje kuandika jina bila kulisema ndani. Nikatafuta njia nyingine, nikauliza kama hana jina la ubatizo tulitumie hilo. Akasema analo, ni Yohana, na hilo nalo halitaji. Ndipo ile Injili ya nne ikaniingia akilini, nikatazama viatu vyangu.

Hospitali nzima, isipokuwa mimi mgeni, ilijua kwamba ni mkwe wa mzee. Hakuna aliyejua habari ya kutila, maana Wanyakyusa pale walikuwa ni familia ile tu, na mzee alisema hata kwao Tukuyu siku hizi wengi wameacha. Huyu alilelewa na bibi yake, hakuacha. Nikauliza kwa nini basi hakusema, angeniambia neno moja tu. Mzee akanijibu kwamba kueleza kwa nini humtaji mtu lazima uanze kwa kumtaja. Halafu akasema taratibu jambo ambalo limenikaa mpaka leo: mkwe wake aliona jinsi baba mkwe alivyorudi nyumbani siku ile ya uzinduzi, na koti lake, na leso imelowa. Angelalamika, jina lingefutwa. Aliona heri yeye aende kwa wafugaji.

Nilijisikia vibaya sana, nasema bila kuzunguka. Nilikuwa nimemshtaki mwanamke kwa sababu ya adabu yake. Mzee naye alikuwa ameshaamua. Akaniambia nifute jina lake, nimwachie mkwe wake kazi yake. Aliyasema hayo akiwa ameishika ile picha mikononi.

Nikamwambia hapana, mzee, hakuna haja. Nikamweleza kwamba kwenye seva ya majina, namba moja inaweza kubeba majina mawili. La kwanza linabaki palepale, la pili unaliandika chini yake, na yote yanakupeleka kwenye mashine ile ile. Mnaliita jina mbadala, mmelisoma chuoni, mkajibu mtihani mkalisahau. Mzee akataka kuhakikishiwa: majina mawili, lakini ni yeye yule yule? Nikasema ni yeye. Langu litabaki? Litabaki. Akakubali. Ikabaki kumuuliza Mama Lusajo mwenyewe angependa kuiita nini, na hapo nikashuhudia mawasiliano ya namna yake. Mzee hawezi kusema na mkwe wake, kwa hiyo alimwita Bibi, Bibi akapeleka swali jikoni, jibu likaja kwa Bibi, Bibi akamletea mzee, na mzee ndiye aliyenipa mimi, ingawa jikoni palikuwa hatua sita na mimi nilikuwa nimesikia yote tangu mwanzo.

"Anasema uandike Babu Lusajo," mzee akasema.

Lusajo ni mtoto wake wa kwanza, na mzee ndiye babu yake. Ndivyo alivyokuwa akimwita miaka yote, na mimi fundi mwenye cheti ningeweza kulijua kwa kuuliza swali moja. Mzee alilirudia mara mbili peke yake, akaonekana kuridhika nalo.

Nilirudi mbio. Kuongeza jina kulinichukua dakika tatu. Saa kumi Mama Lusajo akaja famasia tujaribu, hanitazami. Akaandika babulusajo kwa vidole viwili, akabonyeza. Kumbe ile programu ya dawa ina tabia mbaya: uingie kwa jina lolote, yenyewe inakuhamishia kwenye jina ililofundishwa siku ya kwanza, na aliyeifundisha ni mimi. Juu ya skrini likatokea jina la baba mkwe wake, herufi zote kumi. Na chini yake yale makaribisho yangu ya herufi kubwa. Mama Lusajo aliinuka, akajifunika kanga, akatoka kwa mlango wa stoo kama vile mzee mwenyewe ameingia. Nikabaki na skrini. Ilinichukua saa mbili kuupata mstari unaofanya uhuni ule, na nusu saa kuyabadili makaribisho yasomeke KARIBU FAMASIA. Kwa hiyo mkiweka jina la pili, wanangu, lijaribuni mpaka ndani chumbani, msiishie mlangoni. Yeye hakurudi, saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Jaribio la kweli lingefanyika mbele ya kikao.

Ijumaa saa nne walikuwepo katibu, mganga mkuu, mchungaji, matroni, Mama Lusajo na mimi, wote tumebanana famasia kati ya makopo. Bwana Mgaya akasoma ile mistari yangu mitatu kwa sauti. Sijawahi kuchukia mwandiko wangu vile. Akamwomba mama afungue mashine. Mama Lusajo akakaa, akaandika lile jina la pili, akabonyeza, akafumba macho. Mimi pia nilifumba. Tulipofumbua, skrini ilisema KARIBU FAMASIA, na juu yake palikuwa na babulusajo, hapakuwa na mwingine. Hakungoja kuambiwa. Alipitia dawa zote zilizoandikwa asubuhi ile, akafika moja akasimama, akamgeukia mganga mkuu na kumuuliza kwa heshima kama kweli mtoto wa miaka miwili anapewa vidonge vya mtu mzima. Mganga mkuu akasogea kuangalia, akasema hebu nirekebishe hiyo.

Katibu akauliza ilikuwaje basi wiki zote zile. Mama Lusajo akatazama funguo zake. Nikasimama nikaeleza mimi, habari yote, pamoja na tangazo la mlangoni, na kwa kuwa mimi si mkwe nililitaja jina la mzee kwa ajili yake kila lilipohitajika. Nikaomba ile barua yangu nirudishiwe niichane. Bwana Mgaya akasikitika kwa dhati. Alisema karatasi ikishaingia kwenye faili la mtumishi haitoki, hiyo ni kanuni, ila unaweza kuweka nyingine juu yake. Akanipa karatasi. Niliandika palepale, nimeegemea kaunta:

"Mimi Kikoti, fundi, niliandika kwamba mkuu wa famasia ni mkaidi. Si kweli. Niliipa mashine jina ambalo mila yake haimruhusu kulitaja, nikamlazimisha alitaje, nikamshtaki kwa kutolitaja. Naomba Mama Lusajo asamehewe kwa usumbufu uliotokea."

Nilijiona nimeandika vizuri. Katibu akasema mwenye faili lazima aisome na kuridhia. Mama Lusajo akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari, kama anavyosoma maelekezo ya dawa. Akaomba kalamu. Kwenye sentensi ya mwisho akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika neno lingine juu yake, akamrudishia Bwana Mgaya. Bwana Mgaya akainua karatasi na kusoma kwa sauti ya kikao, kwa ajili ya kumbukumbu:

"Naomba fundi asamehewe kwa usumbufu uliotokea."

Mchungaji akakohoa. Matroni akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mama Lusajo peke yake hakucheka. Alinisogezea karatasi, akaweka kidole pale chini.

"Sasa imekaa sawa, fundi. Tia sahihi hapo."

Nikatia.